Kidirisha Kisicho na Mama

Maneno yalianzia kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Jumatatu asubuhi, na kabla ya mchana yalikuwa yameshafika Mirongo: binti wa Paskazia, yule wa kompyuta kwenye kiwanda cha minofu, amepitisha samaki waliouawa kwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba.

Paskazia aliyasikia akiwa anageuza mapanki, yale mabaki ya sangara waliokatwa minofu, kwenye karai. Aliyeyaleta ni mteja wake wa siku zote, na siku hiyo hakununua.

"Leo acha tu, Mama Odeta. Watoto wangu bado nawahitaji."

Maneno hayo yalimganda. Alijaribu kuendelea kukaanga, akaunguza karai zima. Akazima moto, akajifunga kanga, akaenda kiwandani kwa miguu.

Kweli lilikuwepo jambo. Asubuhi hiyo Mhoja, mpimaji wa samaki, alikuta kwenye meza ya kukatia minofu sangara wa mtumbwi wa mvuvi Masalu, ambao yeye mwenyewe aliwakataa Jumamosi baada ya kupima na kukuta sumu. Walitakiwa kuzikwa. Bahati nzuri kisu kilikuwa bado hakijawagusa. Lakini kwenye kompyuta majibu yake yalikuwa yamegeuzwa kutoka WAKATALIWE kuwa WAPITE. Chini yake iliandikwa: aliyebadili, Odeta, Jumamosi, saa tisa kasoro robo.

Odeta alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, macho yamevimba. Mbele yake alisimama Sajenti Maige wa upelelezi.

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilishatoka, afande. Saa nane nilifunga nikaenda kwenye foleni ya mapanki na mama, halafu tukabeba ndoo mpaka nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Mama."

"Mwingine?"

"Foleni ya Jumamosi, afande, kila mtu anaangalia ndoo yake."

Ndivyo ilivyokuwa pale. Jumamosi wafanyakazi hupewa mapanki kwenye geti la pembeni, na anayechelewa anaambulia vichwa vidogo. Saa nane ikifika, ofisi nzima inabaki tupu.

"Ni kweli, afande," alisema Paskazia mlangoni. "Ndoo ya pili nilibeba mimi."

Maige aligeuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi naweza kukuamini. Ila hakimu ataniuliza, mama mzazi ulitegemea aseme nini? Kesho asubuhi nampeleka mahakamani. Usiku huu ndio nilio nao."

Kisha akaitwa Obedi, msimamizi wa mapokezi ya samaki. Alikuja amevaa buti za mpira, anaongea kwa huruma.

"Afande, inaniuma, huyu ni kama mdogo wangu. Lakini nilimwona kwa macho yangu. Jumamosi kabla ya saa tisa nilipita hapa mlangoni. Alikuja akakaa, akawasha, akafungua kale kadirisha ka kubadili majibu, akaandika, akaondoka."

"Uliona vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kioo kizima cha kompyuta kilikuwa kitupu, ile rangi ya kijani tu, na kale kadirisha peke yake katikati. Juu kameandikwa Odeta."

"Kaka Obedi!" alilia Odeta. "Unanisingizia nini?"

"Nyamaza kwanza," alisema Maige. Akaandika maneno ya Obedi kama yalivyotamkwa, akamsomea, Obedi akaweka sahihi.

Baada ya hapo Maige akamshuku mtu mwingine: Byabato, kijana wa Bukoba aliyeiandika ile programu. Mwenye kutengeneza kufuli hashindwi kuwa na ufunguo wa pili, alifikiri. Lakini Byabato alikuwa Bukoba kwenye mazishi ya shangazi yake, akafika na meli asubuhi ileile ya Jumatatu. Tiketi anayo, na Mhaya mwenzake aliyesafiri naye alithibitisha. Kwa hiyo Maige akamkalisha mbele ya mashine.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kuiona."

"Kuna dirisha kubwa, afande. Tunaliita mama. Linafunguka kwa neno la siri la mfanyakazi na linajaa kioo chote. Ndani yake unafungua madirisha madogo, watoto, kila mzigo wa samaki na la kwake. Mtoto hatoki nje ya mama. Ukimfunga mama, watoto wote wanafungika."

"Na kadirisha ka kubadili majibu?"

Byabato akaigeukia mashine. Alifungua dirisha kubwa kwa neno la Odeta, akabonyeza, kadirisha kakatokea. Akalibonyeza tena dirisha kubwa. Kadirisha kakajificha nyuma yake, kakawa hakaonekani. Kisha akafunga dirisha kubwa.

Kioo kikabaki kijani. Katikati, kadirisha peke yake, na juu yake jina la Odeta.

"Mungu wangu," alisema Byabato. "Haka nilikaongeza mwezi uliopita, bosi alikuwa ananiharakisha. Sikukafunga kwa mama yake. Mama amekufa, mtoto anaendelea kuishi na jina."

Maige akamgeukia Odeta. "Jumamosi ulikafungua?"

"Ndiyo, asubuhi. Mzee Mhoja aliniambia nisahihishe uzito. Halafu sikukaona tena. Saa nane nilifunga kubwa, hapohapo nikazima kioo nikakimbia. Tulifundishwa kubwa likifungwa, yote yamefungwa."

"Ulizima kioo, au ulizima mashine?"

Odeta akainamisha kichwa. "Kioo."

Obedi akaitwa tena. Paskazia alikuwa ameegemea ukuta, ndoo tupu mkononi, hajui kwa nini ameibeba. Maige alifunga kila kitu, kioo kikabaki kitupu, akavuta kiti.

"Karibu ukae. Ulimwona akikafungua. Kafungue kama ulivyomwona."

Obedi akashika kipanya. Akakizungusha huku, akakizungusha kule. Akabonyeza, likaja dirisha kubwa, likadai neno la siri.

"Hilo kubwa hukulitaja," alisema Maige. "Ulisema kioo kitupu."

"Labda... labda lilikuwepo nikasahau."

"Likiwepo linajaa kioo chote. Kadirisha hakafunguki bila kupitia humo, na hakawezi kubaki peke yake mpaka mtu awe ameshalifunga kubwa. Odeta alilifunga akaondoka. Hukumwona akifungua chochote, Obedi. Uliwasha kioo mwenyewe, ukakakuta kamekusubiri."

Obedi alitoa mkono kwenye kipanya. Buti zake zilikwaruza sakafu.

"Na Masalu ni nani kwako?"

Ni Mhoja aliyejibu kutoka nyuma, kwa sauti ya chini: "Ni mdogo wake, afande. Tumbo moja."

"Wangempiga marufuku ziwani," alisema Obedi hatimaye. "Wangemfunga. Mama yetu ni mgonjwa, anamtegemea yeye. Mimi nilitaka mzigo upite tu. Jina la huyu lilikuwepo pale, sikulichagua mimi."

"Ulipoweka sahihi kwamba umemwona, hapo ulichagua," alisema Paskazia. "Na mimi pia nina mtoto."

Odeta alirudi nyumbani jioni ile. Masalu alikamatwa kesho yake. Wateja wa Paskazia walichukua muda kurudi, na wengine hawakurudi kabisa, maana maneno ya Mwaloni yanakwenda mbio kuliko ya polisi.

Kwa hiyo wazazi wenye vijana maofisini, wasomeeni haya:

Usizime kioo ukadhani umezima mashine.

Usiamini kwamba kubwa likifungwa na madogo yamefungwa. Angalia kioo mpaka kiwe kitupu.

Usiache jina lako kwenye mashine ukaondoka, hata kama foleni ni ndefu.

Wewe unayeandika programu, usiongeze kadirisha kwa haraka bila kukafunga kwa mama yake.

Usile samaki wa mtu anayenunua dawa ya pamba na hana shamba.

Usirudie maneno ya Mwaloni juu ya binti wa mtu. Ana mama, na mama anasikia.