Uso Uliobanwa

"Umembana mama kama furushi la mitumba!"

"Nilitaka video ikuingie kwenye simu, dada. Ilikuwa nzito mno."

"Basi nipe hiyo nzito."

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Jua lilikuwa linazama kwenye dirisha pekee la studio yake ya kuhariri video. Kwenye kompyuta, marehemu mama yao alikuwa amekaa kitandani, akiwausia wanawe siku chache kabla ya kufariki. Sauti ilisikika vizuri. Lakini uso... uso ulikuwa miraba ya kahawia, ikitetemeka kila alipotamka neno.

"Nimeifuta," alinong'ona. "Diski ilijaa, na kulikuwa na harusi ya mteja..."

Dada mtu alimkodolea macho. Hawakuwa na video nyingine ya mama. Akashika tumbo lake la ujauzito.

"Na huyu nitamwonyesha bibi yake yupi?"

Akatoka bila kuaga.

Binti yule mdogo alibaki na kompyuta yake. Wakati wa kuibana video ile alishusha ubora hadi chini kabisa, akaona faili jipya limetokea, akafuta la asili papo hapo. Kazi za wateja huzitazama mwanzo hadi mwisho kabla hajafuta chochote. Ya mama yake hakuitazama hata kidogo.

Sasa alipandisha ubora hadi juu, akaihifadhi upya. Alijua fika kwamba haisaidii. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi kwa kulikuza faili. Lakini mikono ilikataa kutulia.

Akaifungua.

Miraba ilikuwa imekua. Jicho la kushoto, ambalo mwanzoni lilionekana kwa mbali, halikuwepo.

Akajaribu tena. Mdomo nao ukaenda.

"Msitupane, wanangu," sauti ya mama iliendelea, ile ile, ya upole. "Mwenzenu akikosea, mwiteni mkae naye..."

Ikanyamaza. Kisha, taratibu:

"Mbona giza?"

Binti aliganda. Maneno hayo hayakuwemo. Alikuwepo mwenyewe siku ile, ndiye aliyeshika kamera.

Akachomoa waya wa umeme. Kioo kikazimika.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, akihema.

"Mdogo wangu... umefanya nini? Picha ya ukutani... ya kwenye kitambulisho... zote, zote... Mama hana uso!"

"Dada, mimi sija..."

"Mimi mwenyewe simkumbuki! Nikijaribu, naona..."

Simu ikakatika.

Binti alifumba macho amtafute mama. Alitafuta mashavu. Alitafuta mwanya wa meno aliokuwa akimtania nao tangu utotoni. Akapata miraba. Miraba mitupu, ya kahawia, ikitetemeka.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti. "Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Ndipo harufu ilipoingia. Dawa ya kuchua, ile ambayo mama alikuwa akijipaka magotini kila jioni.

Halafu sauti. Kwaruu... kwaruu... Viganja vikipapasa ukuta wa nje, polepole, kama vya mtu asiyeona anakokwenda. Vikapita chini ya dirisha. Vikafika kwenye mbao za mlango.

Vikatulia.

"Nifungulie, mwanangu. Sijaja kukugombeza. Niambie tu... nilikuwa na sura gani?"