Ufa Chini ya Utepe

Kila asubuhi Robelín alichota maji, akafagia ua wa bibi yake, kisha akaugeuza ufagio ule ule kichwa chini na kuanza kupiga vizibo vya chupa. Jirani yake Yeuri ndiye aliyemrushia. Kizibo kilikuja kikiyumba hewani, Robelín akajipinda mpaka kitovu kikaonekana, akakichapa, nacho kikapita juu ya bati la nyumba na kupotelea kwenye miwa.

"Hicho kimefika San Pedro!" akatamba.

"Kimefika kwa kuku," Yeuri akasema. "Nimewasikia wakikimbia."

"Robelín!" Bibi Fella akapaza sauti kutoka jikoni, ambako alikuwa akiponda ndizi za kupika na salami ya kukaanga. "Ufagio huo ni wa kufagia! Ukiuvunja utafagia kwa vidole!"

Robelín alikuwa na miaka kumi na tatu na mabega ya mtu mzima. Hapo Batey Guayabal, kijiji cha wakata miwa, hakuna aliyebisha kwamba yeye ndiye mpigaji wa besiboli mwenye nguvu kuliko wote. Akiupata mpira vizuri, unavuka uzio, unavuka barabara, na mbuzi wanatawanyika. Tatizo ni kwamba hakutaka kujua kitu kingine. Ya nini kuhangaika kukimbia kituo hadi kituo kuzunguka uwanja, wakati unaweza kuupeleka mpira nje ya uwanja kisha ukazunguka taratibu, huku ukiwapungia watu mkono?

Mwalimu Nurys hakuuona mchezo hivyo. Mama huyu alifundisha hesabu asubuhi na besiboli jioni, na ujanani aliichezea timu ya wanawake ya mkoa, jambo ambalo hakuruhusu mtu alisahau. Kila jioni aliweka tairi kuukuu hatua chache mbele ya mpigaji.

"Nataka mpira ufie humo," alisema. "Usiuchape, uguse tu. Wao wakija kuuokota, mwenzako aliye kituoni anasogea kituo kinachofuata. Kimoja, kingine, kingine, mpaka nyumbani, hapo anaposimama mpigaji. Hapo tumepata alama na hakuna aliyetegua bega."

Yeuri, ambaye kaptura yake ilishikwa kwa pini kwa jinsi alivyo mwembamba, aliuingiza mpira kwenye tairi kila alipotaka. Wa Robelín uliruka ukaenda kumgonga mbwa.

"Huu ni mchezo wa mabibi," akanung'unika.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Nitamwambia Bibi Fella umesema hivyo."

"Aa, Mwalimu, yameisha! Naweka tairi sawa."

Wiki hiyo kijiji kizima kilikuwa na habari moja tu. Jumapili Guayabal wangecheza fainali na vijana wa Villa Caoba, na mshindi angeenda kucheza kwenye uwanja mkubwa wa mji wa San Pedro, chini ya zile taa zinazoonekana usiku kutoka mashambani. Tena ilisemekana kwamba bwana mmoja wa chuo cha besiboli, anayetafuta vijana wenye kipaji, angekuja kutazama. Robelín alipolisikia hilo hakulala vizuri. Alijiona tayari, mpira unapaa, na yule bwana anavua miwani ya jua ili auone unapoangukia.

Kaka yake Mwalimu alikuwa amewatumia gongo jipya la kupigia mpira kutoka mji mkuu, la mbao nzito inayonukia vanishi. Timu ilikuwa na magongo mawili tu sasa: hilo, na lile la zamani, fupi na jepesi, lililochakaa kwa kugusagusa mipira. "Jipya ni la wote," Mwalimu alisema, "na halitoki mfukoni mpaka Jumapili." Kwa kuwa nyumba ya Bibi Fella ilipakana na uwanja, mfuko wa vifaa ulilala huko, na Robelín ndiye aliyekabidhiwa.

Jumamosi mchana Bibi alikwenda dukani. Robelín akaufungua mfuko. Alitaka kulishika tu, haki ya Mungu, kulishika tu. Lakini gongo likishakuwa mikononi linataka kitu cha kupiga. Akaokota mapera mabichi yaliyoanguka uani, akayachapa moja baada ya jingine. Yalipokwisha, akaokota jiwe. Jiwe lilitoa sauti tamu, likapaa likawa nukta. Akapiga la pili, kubwa zaidi, na mikono yake ikafa ganzi.

Gongo lilikuwa na ufa. Ulianzia pale panaposhikwa ukapanda juu, mwembamba kama unywele. Robelín akauangalia upande huu, akauangalia upande ule, haukuondoka. Basi akachukua utepe mweusi wa umeme, akauzungusha pale vizuri, kama wanavyofanya wachezaji wakubwa ili gongo lisiteleze, akalirudisha mfukoni. Litashika, alijiambia. Nitalitumia kwa uangalifu.

Jumapili uwanja ulijaa. Bibi Fella alikaa karibu na mstari wa kituo cha kwanza, sufuria la maharage matamu mapajani, na watoto wadogo wa jirani wamemzunguka wakingoja kulamba kijiko. Yule bwana wa miwani ya jua alisimama kando ya uzio, amekunja mikono.

Mambo yakaanza vibaya. Villa Caoba walikuwa na majitu mawili ya kupiga, na kufikia kipindi cha tatu walikuwa mbele alama mbili kwa bila. Guayabal wote walitaka kumwonyesha yule bwana nguvu zao. Walijipinda, wakachapa hewa, wakarudi kukaa. Yeuri alipotaka kulichukua gongo jipya, Robelín alimwahi.

"Wewe chukua lile fupi, sisimizi. Hili litakuvunja mgongo."

Wenzao wakacheka. Yeuri akalichukua lile fupi, na Robelín akaona haya, kwa sababu alijua si kwa ajili ya mgongo wa Yeuri alikuwa amesema vile, bali kwa ajili ya ufa.

Kisha Anyelo, mdakaji wao, akaingia na gongo jipya. Akachapa kwa nguvu zote. Mpira ukaenda pembeni, lakini sauti haikuwa tamu tena. Ilikuwa nzito, kama mlango wa kabati bovu. Anyelo akalitazama gongo, akauona utepe, akainua mabega, akajiweka tayari tena.

Robelín akatazama mahali ambapo kipande cha gongo kingerukia kama lingekatika. Bibi Fella alikuwa akimpa mtoto kijiko.

"Simama!" akapiga kelele. "Anyelo, usipige! Mwalimu, omba muda!"

Mwamuzi akasimamisha mchezo. Robelín akaja mbio katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama, na yule bwana pia.

"Gongo lina ufa," akasema. "Nimelipasua mimi. Jana nilipiga mawe. Utepe nimeweka mimi ili usiuone."

Mwalimu Nurys akabandua utepe, akalishika gongo kwa mikono miwili, akalipinda kidogo tu. Lilikatika likatoa kipande kirefu chenye ncha.

"Mama yangu!" Anyelo akasema, akirudi nyuma. "Hicho kingeingia kwa nani?"

"Umetumaliza, Robelín," mwingine akafoka. "Una kichwa au boga?"

Mwalimu akawaomba Villa Caoba wawaazime gongo. Kocha wao akatabasamu. "Mama, hii ni fainali. Kila mtu na chake." Mwalimu akarudi kwa vijana wake. Robelín alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

"Yako na yangu tutayazungumza baadaye," akamwambia. "Sasa futa uso. Nyote nisikilizeni. Tumebaki na gongo ambalo halimpeleki mtu mbali. Sawasawa! Jioni zote zile tulikuwa tunafanya nini na lile tairi? Tunapika mchuzi? Leo hakuna kuchapa. Mguse, mkimbie, msogezane. Wale wana mikono, nyie mna miguu."

Basi mchezo ukageuka. Guayabal waliacha kurukia kila mpira, wakachagua. Mpira mbaya waliuacha upite, na mrushaji wa Villa Caoba akaanza kuchoka na kulalamika. Yeuri akaugusa mpira ukafia kwenye nyasi, akafika kituo cha kwanza kabla haujaokotwa, na mrushaji alipogeuka kumtazama alikuwa ameshaiba cha pili, yaani amekikimbilia bila mpira kupigwa. Alama moja ikaingia kwa mguso. Nyingine ikaingia baada ya wao, kwa pupa, kuutupa mpira juu ya kichwa cha mwenzao. Wanakijiji walipiga masufuria. Ikawa mbili kwa mbili.

Kipindi cha mwisho, zamu ya mwisho ya kupiga ikiwa ya Guayabal, Yeuri akapewa kituo cha kwanza kwa sababu mrushaji alitupa mipira mibovu minne, akaiba cha pili. Anyelo, jitu zima, akakubali kujitoa mwenyewe: akaugusa mpira, akatolewa nje, lakini Yeuri akasogea cha tatu. Ilibaki kumfikisha nyumbani. Aliyefuata alikuwa Robelín.

Mwalimu Nurys akamshika bega. "Wanakujua. Wameshakuona ukichapa. Mpira wa kwanza, chapa hewa kama kawaida yako, uanguke kabisa. Wa pili unajua cha kufanya."

"Na nikikosea, Mwalimu?"

"Niliweka tairi pale kila jioni. Liweke tena kichwani."

Robelín akaingia na lile gongo fupi, likionekana kama kijiko mikononi mwake. Mpira wa kwanza akajizungusha mpaka akaanguka kwenye vumbi. Uwanja ukacheka. Lakini Villa Caoba hawakucheka. Waliusikia upepo wa pigo lile, na mmoja mmoja wakarudi nyuma, hata yule wa kituo cha tatu, wakingoja mpira unaopaa.

Kwa pembe ya jicho Robelín akamwona yule bwana akivua miwani. Mpira wa pili ukaja polepole, mnene, katikati kabisa, mpira ambao angeuota mwaka mzima. Mikono yake yote iliutaka.

Akaliona tairi kichwani. Akalegeza vidole, akausogezea mpira gongo kama mtu anayepokea yai. Ukaanguka, ukaruka mara moja, ukalala. Yeuri alikuwa ameshaondoka. Hakuna wa Villa Caoba aliyekuwa karibu, maana wote walikuwa nyuma. Mrushaji alipoufikia, Yeuri alikuwa amelala kifudifudi nyumbani, mkono juu ya kibao, pini ya kaptura imefunguka.

Tatu kwa mbili, mchezo umekwisha, na sina haja ya kueleza kelele zilizofuata. Bibi Fella alicheza na sufuria lake, na maharage yakamwagika bila mtu kujali.

Yule bwana akapita katikati ya watu, akamwuliza Robelín, "Yule mwenye mbio anaitwa nani?"

Ilimuuma kidogo, tusidanganyane. Kisha akacheka. "Yeuri, bwana. Na leo hajala. Akila anakimbia zaidi ya hapo."

Watu walipotawanyika, Mwalimu Nurys akaketi juu ya tairi akamwita. Robelín akasimama mbele yake, kichwa chini.

"Utafagia uwanja huu kila asubuhi mpaka tupate gongo jingine," akasema. "Hiyo ni adhabu ya mawe. Lakini sikiliza. Nguvu si kosa, mwanangu. Wale walirudi nyuma kwa sababu ya nguvu zako, na tumeshinda kwa sababu ulijua lini usizitumie. Nguvu na mguso vinahitajiana. Ila hakuna mbinu inayosaidia timu ikiwa mmoja wetu anajua kuna ufa na amenyamaza. Ulichelewa kusema, lakini ulisema, na watu wote wakikutazama. Hilo lilikuwa pigo lako kubwa kuliko yote leo."

"Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu Nurys akasimama, akakung'uta vumbi, akauokota mfuko wa vifaa. Robelín alidhani utalala kwa Yeuri sasa, au kwa Anyelo. Lakini Mwalimu akauning'iniza begani mwa Robelín.

"Uchukue nyumbani," akasema. "Jumapili ijayo tunauhitaji huko San Pedro."