Kuku wa Huancayo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dilmer alipiga mpira ukutani mara mia kwa mguu wa kulia na mara mia kwa wa kushoto, mpaka majirani zake wa Callao, mji wa pwani ya Peru, wakazoea kelele zile. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kiungo wa timu ya mtaa, na alitaka kitu kimoja tu: kucheza mpira wa kulipwa, kama kocha wao Hipólito alivyocheza zamani.

Mwezi wa tano timu ilipanda basi kwenda Huancayo, juu kabisa milimani. Mtu wa klabu kubwa alikuwa anakuja kuchagua vijana.

"Sikilizeni, wanangu," alisema kocha waliposhuka. "Huku hewa ni chache, chakula kizito na mbio vitawaangusha. Leo ni supu tu na kutembea polepole."

Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Jioni Dilmer alimvuta rafiki yake Nilton mpaka kwenye duka la kuku wa kuchoma.

"We, kocha akijua?"

"Acha woga, bwana! Kocha kazeeka, anaogopa hata upepo."

Nilton alirudi kunywa supu yake. Dilmer akamaliza nusu kuku na sinia la chipsi, kisha akapanda ngazi za kilimani mbio huku akicheka.

Kulipokucha kichwa kilimgonga na tumbo likamchafuka.

"Nani anaumwa?" kocha aliuliza.

Akisema, atakaa benchi, na mtu wa klabu hatamwona.

"Mimi niko fiti, kocha!"

Fiti gani! Dakika ya ishirini miguu iligoma. Nilton alimpa pasi nyepesi, Dilmer akashindwa kuifikia, wenyeji wakafunga.

"Dilmer, una nini wewe?" Nilton alifoka.

Dilmer aliona aibu kubwa kuliko maumivu yenyewe. Akajikokota hadi kwa kocha. "Nilikudanganya, kocha. Naumwa tangu alfajiri. Jana nilikula kuku. Nitoe."

Kocha alimfunika blanketi, akampa chai ya majani ya koka, dawa ya wenyeji kwa wanaougua milimani. "Kuku mzima?"

"Nusu, kocha."

Kocha akaangua kicheko. "Mimi nilikula nguruwe wa kukaanga, hapa hapa, mwaka wangu wa kwanza wa kulipwa. Nikanyamaza, nikaanguka uwanjani. Klabu haikunipanga tena kwa miezi miwili."

Nilton sasa alicheza katikati. "Usikimbie wewe!" Dilmer alimpigia kelele kutoka benchi. "Uache mpira ukimbie!" Nilton akasikia, pasi zikatembea, na dakika za mwisho wakasawazisha. Dilmer aliruka kwa furaha, kichwa kikamkumbusha, akakaa haraka.

Baada ya mechi mtu wa klabu alikuja. "Huyu ndiye aliyeomba kutoka mwenyewe, kisha akawaongoza wenzake akiwa benchi? Jumamosi nitashuka Callao nimtazame akiwa mzima. Na huyu Nilton pia."

Ndani ya basi kocha alimwekea Dilmer mkono begani. "Nilicheza kiungo miaka kumi na minne, mwanangu. Wenzako kumi wanakupa mpira kwa sababu wanakuamini. Ukificha ugonjwa wako, umewadanganya wote kumi, na mwili wako unaumia bure. Leo umechelewa kusema ukweli, lakini umesema. Haya, tukifika tule nini?"

"Supu, kocha," Dilmer alijibu, na basi zima likacheka.