Magodoro ya Phiring

Jumanne, saa mbili asubuhi, Mma Segametsi, mama aliyeongoza tawi la chuo la Phiring, alifungua bweni la kwanza, akapiga yowe. Vitanda vilikuwepo, magodoro hayakuwepo. Bweni la pili, vivyo hivyo.

Nyuma yake alisimama Boitshoko Mokgosi, mkaguzi aliyetumwa na serikali kuangalia kama vyuo vya umma viko tayari kupokea wanafunzi. Jana yake alikuwa tawi jirani la Letsatsing, ambako alikuta magodoro mapya yaliyozidi urefu wa vitanda, ncha zimekunjwa ukutani. Alicheka kimoyomoyo, akaandika "tayari". Leo ilikuwa zamu ya Phiring, na langoni wanafunzi wapya walikuwa wamekalia mabegi yao, wakila magwinya, maandazi ya kwao, na kuimba. Mabweni yasipokuwa tayari, wangerudishwa makwao.

"Ijumaa jioni niliyatandika mwenyewe!" Mma Segametsi alisema huku machozi yakimlenga.

"Muulize mlinzi wako," akadakia Rra Kgosiemang, bwana mkuu wa Letsatsing, aliyesema amekuja kumpa mwenzake moyo. "Si anaoza binti? Wageni watalala wapi?"

Mlinzi, Rra Obusitse, alitweta kwa hasira. "Kwangu ni hapo ng'ambo ya barabara. Twendeni! Mkikuta godoro jipya hata moja, nifungeni."

Walikwenda. Walikuta mikeka, mbuzi wawili, na bibi mmoja aliyewafokea kwa kuingia na viatu.

Waliporudi langoni, Boitshoko alimvuta mlinzi kando.

"Rra, mwisho wa juma kuna mgeni aliyeingia na gari?"

"Hakuna mgeni, Mma. Naapa."

"Na asiye mgeni?"

Mlinzi akakuna kichwa. "Aa, lori la chuo tu, limefunikwa turubai. Jumamosi mchana. Dereva alisema anapeleka vitu kufuliwa."

"Hilo lori hulala wapi?"

"Letsatsing."

Boitshoko aliwaita wakuu wote wawili bwenini. Akavua viatu, akalala chali juu ya chaga tupu. Alikuwa mwanamke mrefu, lakini kitanda kilimtosha na kubaki.

"Vitanda vya hapa ni virefu," alisema, macho darini. "Vya kwako, Rra Kgosiemang, ni vifupi. Sasa niambie, nani hununua godoro lisiloenea kitanda chake?"

Rra Kgosiemang aliketi kwenye chaga ya jirani.

"Nilisahau kuagiza," alisema. "Desemba nzima nilikuwa na ng'ombe wangu malishoni. Nikasikia unakuja, nikaogopa aibu. Nilitaka kuyarudisha jana jioni, lori likagoma kuwaka."

"Na ukamsingizia baba wa watu!" Mma Segametsi alimaka. "Ungeniomba, Rra, mbona ningekugawia?"

Mkosaji alimwendea mlinzi, akavua kofia, akaomba radhi mbele ya wote.

Boitshoko alifuta neno "tayari" la Letsatsing, akaandika ukweli wote kwa wakubwa wake. Mma Segametsi akakubali kuwalaza wanafunzi wa huko mpaka magodoro yao yafike.

Adhuhuri lori lilifika likivutwa na trekta. Wanafunzi walilivamia kwa vigelegele. Rra Kgosiemang alibeba godoro kichwani, jasho likimtiririka, na msichana mmoja akamtungia wimbo papo hapo:

"Mzee wa Letsatsing, kitanda kifupi, tamaa ndefu!"

Mabweni yakalipuka kwa kicheko. Kufikia ubeti wa tatu, Rra Kgosiemang mwenyewe alikuwa akiitikia, na sauti yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.