Bawabu wa Hodi Tatu

Kitanda-mlezi kilimgeuza Bibi Ambwene ubavu wa kushoto bila kumtonesha, kikamfuta jasho kwa mkono wake laini, kikamwuliza kwa Kinyakyusa kama ameamka salama. Vitanda vya namna hiyo vilikuwa vimejaa hospitali zote za Mbeya. Vilipima pumzi, vilitunza mipira ya hewa, na zaidi ya yote vilipiga soga. Bibi Ambwene, ambaye watoto wake wote walikuwa machimboni huko Mwezini, alikipa chake jina la Mwipwa.

Juzi yake mpira wa hewa ulimchomoka bibi, na Mwipwa hakuita mtu. Aliyemwokoa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyepiga mayowe mpaka wauguzi wakaja mbio.

Ndiyo maana asubuhi ile Mhandisi Atupele Mwaisela, mtunza viini wa hospitali, alikuwa kwenye karakana ya mabawabu, amefura.

Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayoamua mashine ifanye nini na lini. Hakiwezi kukodolea macho kila kifaa, kina kazi nyingi. Kifaa chenye la kusema hutuma mkatizo, yaani ishara ya kukitaka kiini kiache kilichomo mkononi na kusikiliza. Mikatizo hiyo hupokewa na chipu iitwayo bawabu, nayo ndiyo hukiita kiini. Dunia nzima ilishakubaliana kwamba bawabu akishaanza kuita haachi mpaka ajibiwe. Dunia nzima, isipokuwa Mhandisi Lwitiko, mwenye karakana ile.

“Bawabu wako anaita mara tatu halafu ananyamaza,” Atupele alisema. “Niambie nimesoma vibaya.”

“Hujasoma vibaya, dada yangu,” Lwitiko alijibu kwa utulivu wa kuudhi. “Hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unaondoka. Hata mtoto mdogo anajua.”

“Hii ni chipu, Lwitiko.”

“Na imetengenezwa na watu wenye adabu zao. Mabawabu wa wenzetu wanagonga mpaka mlango ung’oke.”

“Kiini kilikuwa kinamgeuza bibi. Kikifanya kazi ya namna hiyo kinafunga mlango kwa muda, hakisikii hodi, viini vyote ndivyo vilivyo. Hodi zako tatu zikaisha kabla hakijafungua. Bibi wa watu anakata roho, bawabu wako kaenda zake nyumbani.”

Lwitiko alijikuna shingo. Ilionekana wazi kwamba hilo hakuliwaza hata siku moja.

“Chipu zimeshachongwa,” alisema hatimaye. “Haziandikwi upya, na ziko kwenye vitanda vya mkoa mzima. Rekebisha wewe kiini. Kiini si maandishi tu?”

Maandishi tu. Atupele alikuwa amelishiba neno hilo. Tayari kiini chake cha lifti kilibeba kiraka cha maandishi kwa ajili ya bawabu anayetaka ajibiwe kabla hajaita, na cha kabati la dawa kiraka kingine kwa bawabu anayehesabu vifaa kuanzia mwisho. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, lakini hawa walivuta halafu wakamwachia yeye ngoma iliyopasuka.

Alirudi ofisini akaandika kiraka. Kwa kuwa bawabu haaminiki, kiini kitoke chenyewe kuchungulia mlangoni, tena na tena, katikati ya kila kazi. Alikijaribu kwenye kitanda kitupu, akauchomoa mpira kila alivyoweza kuuchomoa, na kila mara kengele ililia. Tatizo ni kwamba chipu inayokiendesha kiini cha kitanda ilikuwa ndogo, na huko kuchungulia kulikula nguvu yote iliyokuwa ikitumika kuzungumza. Kitanda kilinde au kipige soga, si vyote viwili. Atupele hakusita. Kabla ya chakula cha mchana kiraka kilikuwa kwenye kila kitanda cha wodi.

Jioni alipita kukagua.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?”

“Ndiye mimi. Sasa mpira ukilegea tu, kitanda kitaita wauguzi.”

“Ahsante sana. Ila Mwipwa kaninunia. Tangu mchana namsemesha, hanijibu. Nimemkosea nini?”

Atupele akaeleza. Alieleza vizuri, bawabu, kiini na udogo wa chipu, na kila neno lilizidi kumkera yeye mwenyewe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho huku akiupapasa mkono laini wa kitanda.

“Nimekuelewa,” alisema. “Nikitaka kufa, atasema. Nikiwa hai hana neno na mimi.”

Atupele alitaka kumwambia kwamba kosa ni la Lwitiko na adabu zake. Ilikuwa kweli, na haikumfaa bibi kitu.