Bakshishi Iliyoingia kwenye Mashine

Kila asubuhi Yahaya alijipigia pasi shati lake jeupe. Mkewe, Moza, alishaacha zamani kumsaidia, kwa sababu Yahaya hakuridhika na kola iliyonyooshwa na mtu mwingine.

"Mhudumu akivaa shati lililokunjamana," alipenda kusema, "hata samaki anayemleta huonekana wa juzi."

Yahaya alikuwa mhudumu katika mkahawa wa samaki pale Kirumba, karibu kabisa na ziwa. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Aliajiriwa na mzee aliyeufungua mkahawa huo. Sasa mzee alikuwa amefariki, na mwenye mkahawa alikuwa mwanawe, Iqbal.

Wakati wateja walipokuwa wachache, Yahaya alisimama mlangoni na kuikumbuka enzi ya zamani. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado halijajengwa. Wasafiri wa kutoka Geita walisubiri pantoni ya kuwavusha ziwa juani, wakafika mjini na njaa ya kweli. Walikula ugali na sato mpaka wakalegeza mikanda. Wakiondoka, walimwachia bakshishi. Wengine waliiweka chini ya kisosi. Wengine walimpa mkono, na ndani ya kiganja mlikuwa na noti iliyokunjwa.

Alimkumbuka sana Ngosha, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Magu. Huyo alikuja kila Ijumaa.

"Ya soda hiyo, Yahaya," alisema Ngosha. "Na Safia hajambo? Ameshajua kusoma?"

Safia alikuwa binti wa Yahaya. Viatu vyake vya kwanza vya shule vilitokana na mikono ya watu kama hao. Leo Safia ameolewa, yuko Bukoba. Ngosha naye haji tena. Magoti yamemchosha.

Kisha ikaja mashine ya kadi.

Iqbal aliileta mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa ndogo, inaenea mkononi. Mteja aligusisha kadi yake, kisha kioo kikamwuliza kama angependa kuongeza bakshishi. Akikubali, alibonyeza. Akikataa, alibonyeza pia. Mashine ilikaa kwa keshia, dada mmoja mpole aitwaye Rebeka. Yahaya ndiye aliyemfundisha Rebeka kazi miaka sita iliyopita. Alimfundisha hata namna ya kumwambia mteja kwamba sangara wamekwisha bila kumkasirisha.

Polepole noti zikapungua. Wateja walisimama, wakashukuru, wakasema, "Mzee, yako nimeiweka kwenye mashine."

"Ahsante sana," alijibu Yahaya. Akasubiri mwisho wa mwezi. Mshahara ukaja uleule. Akasubiri mwezi wa pili, na wa tatu. Hakuna kilichoongezeka.

Nyumbani kwao, huko Buzuruga, Moza aliacha kununua maziwa. Yahaya aliona tu chai ya rangi mezani, akainywa.

Siku moja mchana, mkahawa ukiwa umejaa, mteja mmoja alimwambia tena maneno yaleyale. Yahaya aliiacha trei mezani. Akaenda moja kwa moja kwa Rebeka.

"Rebeka, hela zangu unapeleka wapi?"

"Hela gani, baba?"

"Usiniite baba! Wateja wananiwekea humo, na mashine iko kwako. Miezi mitatu unakula jasho langu!"

Watu wakaacha kula. Rebeka alitaka kujibu, akaghairi. Akaiweka mashine juu ya meza, akachukua mkoba wake, akatoka. Siku iliyofuata hakuja kazini.

Moza alipoisikia habari hiyo, hakumwonea mumewe huruma.

"Umemwona akichukua?"

"Sikumwona."

"Basi umemwita mwizi kwa kuota?"

Moza akatoka, akarudi na jirani yao, Odeta. Odeta alikuwa akifundisha huduma za hoteli katika chuo kimoja cha ufundi.

"Shikamoo, Baba Safia."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Naona nimeshashtakiwa."

Odeta akacheka, akaketi. Akamwomba aeleze yote tangu mwanzo. Kisha akauliza, "Mteja akibonyeza bakshishi, ile hela inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwa Rebeka."

"Hapana. Rebeka anashika mashine tu. Hela inakwenda benki, kwenye akaunti ya mkahawa, pamoja na bei ya chakula. Hata mteja akilipa kwa simu, kwa lipa namba, ni hivyo hivyo. Noti ukipewa mkononi, imefika. Ya kwenye mashine haifiki mpaka mtu aitenge na kuigawa. Je, Iqbal amewahi kuwaambia ataigawaje?"

"Hajawahi. Na sisi hatujauliza."

"Hapo ndipo penye tatizo. Mashine haijui kwamba wewe ndiye uliyebeba sahani."

Yahaya alijishika kichwa. "Kwa hiyo nimemtukana yule binti bure."

"Anza na hilo," alisema Odeta. "Halafu mwendeeni Iqbal wote pamoja, kwa adabu. Chukueni risiti. Mashine nyingi huandika bakshishi kwenye mstari wake, mbali na chakula. Mwombeni mpange na muandike: nani anapata, lini, na kwa njia gani. Na wateja waambiwe ukweli. Mtu akitaka kukupa mkononi, ni hiari yake. Asipotoa kabisa, mhudumie vilevile. Bakshishi ni shukrani, si deni."

Kesho yake Yahaya alikwenda Igoma, nyumbani kwa Rebeka. Alimkuta anafua uani. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Rebeka, nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nimekosa. Naomba unisamehe, mwanangu."

Rebeka aliendelea kukamua nguo. Kisha akasema, "Kilichoniuma si kuitwa mwizi. Kilichoniuma ni kuitwa na wewe."

Yahaya aliinama. Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha. Rebeka akakausha mikono, akamletea kigoda.

"Mimi mwenyewe niliona ile mistari kwenye risiti," alisema. "Nilidhani bosi anawapa kwa siri. Niliona aibu kuuliza."

Siku hiyohiyo alasiri wafanyakazi wote walikaa na Iqbal kabla wateja wa jioni hawajafika. Rebeka alitoa risiti zake. Iqbal alizisoma moja moja. Uso wake ukabadilika.

"Mimi nilikuwa naangalia jumla tu," alisema. "Nilidhani yote ni mauzo. Hela hizo nimenunulia barafu na mkaa. Mzee Yahaya, kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako asingehitaji kuambiwa," alijibu Yahaya.

Iqbal akazipanga risiti upya. Kisha akasema polepole, "Ni kweli. Basi nitairudisha ya miezi yote mitatu. Sasa niambieni tuigawaje."

Yahaya alikuwa na jibu tayari. "Kama zamani. Aliyehudumia meza ndiye mwenye bakshishi. Zamani mambo yalikuwa mazuri, kila mtu alipata chake."

"Kila mtu yupi?" Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Paskazia, mpishi, aliyekaanga samaki pale kwa miaka kumi na nne. "Kaka Yahaya, hiyo zamani unayoililia mimi sikuiona. Nilisikia tu wateja wakicheka. Mkono wa shukrani haukuwahi kufika jikoni."

Pembeni yake alikaa Luhende, mwosha vyombo. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, na vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji na sabuni. Aliangalia chini.

Yahaya alimtazama. Alijaribu kukumbuka siku moja, hata moja tu, aliyompa Luhende chochote kutoka kiganjani mwake. Hakuikumbuka. Enzi ile aliyoipenda ilikuwa na watu ambao yeye hakuwahi kuwaona, nao walikuwa hatua kumi tu kutoka aliposimama.

"Paskazia amesema kweli," alisema mwishowe. "Tugawane wote. Hata hizi za mkononi nitaziweka kwenye kisanduku."

Wakakubaliana. Rebeka aliandika makubaliano kwa mwandiko mkubwa, kila mmoja akatia sahihi. Bakshishi ya mashine itatengwa kila siku, na kila Jumamosi itagawanywa kwa wote, jikoni na mezani. Ubao mdogo ukawekwa karibu na keshia: *Bakshishi ni hiari. Ukiiweka kwenye mashine au ukiitoa mkononi, inawafikia wafanyakazi wote.*

Baadhi ya wateja waliusoma wakabonyeza. Wengine waliendelea kutoa noti. Wengine hawakutoa, nao walihudumiwa vizuri. Rebeka alirudi kazini, na akaanza tena kumwita Yahaya baba. Moza alianza tena kununua maziwa.

Jumamosi ya kwanza mchana, Iqbal aligawa bahasha. Luhende alifuta mikono kwenye aproni, akaipokea yake kwa mikono miwili. Akachungulia ndani.

"Nani amenipa?" aliuliza.

"Wateja," alisema Yahaya.

"Mbona hawanijui?"

"Wanazijua sahani zako. Njoo."

Yahaya alimshika mkono, akamvusha mlango wa jikoni mpaka ukumbini. Kwa miaka yote hiyo Luhende hakuwahi kusimama pale saa ya chakula. Mama mmoja na watoto wake walikuwa wanakula dirishani, ziwa likimetameta nyuma yao. Mtoto mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, anakomba mchuzi wa mwisho kwenye sahani nyeupe.

Luhende alisimama akamtazama mpaka alipomaliza.