Koja Lisilonyauka

"Usifyatue risasi. Piga picha tu."

Sauti ya mkuu wake, Kanali Basnyat, ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Menuka Lamichhane. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye manyasi marefu ya ukingo wa mto Rapti, jicho kwenye kamera ya Nikon, bastola ya Glock chini ya kifua. Sauraha nzima ilimjua kama mpiga picha wa watalii. Wakubwa wa Kathmandu walimjua kwa kazi nyingine: ujasusi.

Mbele yake kifaru jike alikuwa akila majani, ndama wake akimgongagonga ubavuni akitaka kunyonya. Menuka alikuwa akimpiga picha ndama yule tangu azaliwe. Alimpenda, basi.

Majangili watatu wakachomoza.

"Kanali, wana bunduki. Niruhusu."

"Hapana. Hao dagaa. Namtaka papa, yule mgeni anayenunua pembe. Nipe sura zao."

Mlio mmoja.

Kifaru alipiga magoti, kisha akalala ubavu. Ndama akaendelea kutafuta chuchu. Menuka alibonyeza, akabonyeza tena, machozi yakimtoka. Kazi ni kazi, lakini ile ilimchoma roho.

Mpiga bunduki alikuwa kajifunga kitambaa usoni. Alipoinama kukata pembe, kitu kikachomoka shatini mwake. Koja la maua ya makhamali, ya zambarau, kuukuu, lililoshonwa kwa uzi wa rangi ya chungwa.

Uzi ule Menuka aliununua mwenyewe. Mwaka jana, siku ambayo dada huwapaka ndugu zao wa kiume tika, alama ya baraka kwenye paji la uso, alimvisha mdogo wake Nabaraj koja hilo akimwambia wasemavyo dada wote: ua hili halinyauki, nawe usinyauke.

"Unamjua?" Kanali aliuliza, aliposikia pumzi yake ikikatika.

Angeweza kusema hapana.

"Ni mdogo wangu. Leo ni tika tena. Hataenda popote kabla hajapita kwangu. Nitamtia kifaa, awafikishe kwa mnunuzi. Lakini namtaka hai, Kanali."

"Vijana wangu wana hasira, Menuka."

"Basi mnunuzi mtafuteni wenyewe."



"Haya. Hai."

Pikipiki ya Pulsar ilinguruma uani kwa Menuka kabla wali haujaiva.

"Dada! Njaa itaniua kabla ya Yama!"

"Kwa ulafi wako, Yama atakukimbia. Nawa mikono."

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Alimketisha mkekani, akamzungushia mafuta ya haradali, mstari ambao Yama, mungu wa mauti, hauvuki. Akaponda kokwa ya jozi kizingitini, kuvunja nguvu za mauti. Akampaka tika ya rangi saba kwenye paji la uso.

"Unalia, Dada?"

"Moshi."

"Moshi gani, na jiko liko nje? Hebu nikuchekeshe." Nabaraj akatoa boksi begini. Ndani mlikuwa na lenzi ndefu, ile ambayo Menuka aliitamani miaka na miaka. "Sasa wanyama wako utawanasa hata wakiwa ng'ambo ya mto."

"Umeipata wapi?"

"Nina kazi nzuri siku hizi. Leo naimalizia, kisha naachana nayo. Haki ya mama."

Laiti angenyamaza. Laiti angekuja mikono mitupu.

Menuka aliokota koja jipya. Katikati ya maua alikuwa ameshona kifaa kidogo kama punje ya mchele, cha kuonyesha mtu alipo. Mikono ikasita hewani. Nabaraj akainamisha kichwa mwenyewe, kama mtoto anayevalishwa shati.

Alimvisha.

Jioni simu ikalia.

"Tumemtia mbaroni mnunuzi hotelini Bharatpur," Kanali alisema. "Pembe iko mezani. Hakuna risasi iliyolia."

"Nabaraj?"

"Mzima. Ila vijana wanataka kumvua lile koja watoe kifaa, naye anapigana nao. Anasema dada yake ndiye kamvisha, na ndilo lililomwokoa."

Menuka alifumba macho.

"Mwacheni nalo."

Alikata simu. Lenzi mpya aliiacha mkekani, ndani ya duara la mafuta. Akatundika Nikon yake kuukuu begani, akashuka mtoni kwa hatua zake za kawaida, bila kugeuka.

Ndama alikuwa bado amesimama palepale.